Muhtasari wa Kikao cha Jumamosi

Tulikutana saa tisa, yaani saa kumi kasoro,
chumba cha nyuma kwa Nkwimba fundi cherehani, Igogo.
Wanachama kumi na mmoja, na mtoto wa Lushinge
aliyefuata maandazi; naye nimemhesabu.
Mwenyekiti katoa udhuru, ana msiba Magu.
Treni ilipita mara moja. Tulinyamaza hadi behewa la mwisho.

Swali la kwanza, la kupasha koo moto:
nani alileta friji ya kwanza mtaani kwetu?
Mzee Bahebe: "Jivraj wa vitenge. Ya mafuta ya taa,
ikinguruma usiku kama kiboko mwenye deni."
Holo: "Wapi! Ilikuwa ya mkunga Perepetua.
Barafu alituuzia senti tano kipande.
Mimi nilikifunga changu kwenye khanga nimpelekee bibi,
nikafika Mabatini na khanga mbichi."
Mwalimu Rwegoshora akasimama, miwani mkononi:
"Wanachama, historia ni ushahidi!"
"Wangu uliyeyuka," akasema Holo, akaketi.
Kura zikapigwa. Khanga mbichi imeshinda, saba kwa tatu,
mmoja alikuwa anatafuna.

Swali la pili: lile jiwe lililokalia jiwe mwenzake
huko juu, nyuma ya nyumba za reli, linaitwaje?
Wengine: Kofia ya Bwana Shamba.
Wengine: Mama Kabeba.
Waliozaliwa chini yake hasa, kwenye vile vyumba viwili viwili,
wanaliita Usipige Chafya.
Yote matatu yameandikwa. Jiwe lenyewe halikuhojiwa.

Mengineyo.

Nkwimba akatoa picha.
Aliikuta chini ya droo ya cherehani ya mnadani,
imejikunja, ina harufu ya mafuta ya mashine.
Gatini. Wanaume sita, kaptula zimepigwa pasi,
nyuma yao marobota ya pamba, na ziwa limetoka jeupe
kama ukurasa ambao mtu hakuumaliza.
Majina yakamwagika kama dagaa kutoka wavuni:
Kwilasa wa kengele; Malugu wa mizani,
ambaye kidole chake, wanasema, kilikuwa na kilo zake;
mapacha wa Ukerewe wasioazimana hata kiberiti;
Msabato mmoja, Magafu; na karani Eliakimu.
Hata mbwa akajulikana, tena na watu wanne kwa mpigo:
Risiti!
Kwa sababu karani hakutoka popote bila yeye.
Tulicheka mpaka uzi ukadondoka mezani.

Kisha Holo akaweka kidole pembeni mwa picha.
Na huyu?

Mwanamke, beseni kichwani, mkono mmoja juu,
nusu ya bega imekatwa na aliyepiga.
"Mke wa mtu," akasema Bahebe.
Wa nani?
Bahebe akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.
"Muuza sato."
Kila mtu aliwahi kuuza sato.
Rwegoshora akaigeuza picha, akasoma mgongo wake:
penseli, majina sita na mbwa.

Cherehani ya chumba cha mbele ilikuwa inashona sare za shule,
tukaisikia pindo zima, mwanzo hadi mwisho.

Mtoto wa Lushinge, mdomo umejaa:
"Mbona mbwa anamwangalia yeye?"

Tukainama wote, vichwa vikagongana.
Kweli. Wanaume sita wanaitazama kamera.
Risiti amegeuza shingo, masikio juu, mkia umetikisika
hadi ukawa ukungu.
Yeye alimjua.

Maazimio:
picha ipelekwe Kirumba, Kitangiri, na feri ya Kamanga,
ionyeshwe kwa wanawake kwanza.
Kila mwanachama aje na bibi yake;
ambaye bibi hayupo, aje na maneno aliyozoea kuyasema.
Katika orodha nimeacha mstari wa saba wazi,
nimeupigia rula ili mtu asije akaandika hapo bei ya sukari.

Zawadi, kisado cha dagaa, haikupata mshindi.
Kinatunzwa na mweka hazina,
na kimeshaanza kupungua.